Uchambuzi: Kanda, Kulabu na Tepu za Kutundikia Vitu Ukutani Bila Kubandua Rangi

Habari zenu watazamaji wapenzi, na karibuni. Leo ninachambua bidhaa tatu zinazouzwa kwa ahadi moja, kwamba utatundika picha, saa au kalenda bila kupiga msumari, na siku ukitaka kuiondoa hutaacha alama kwenye rangi. Nimezitumia kwa miezi minane katika nyumba ya kupanga hapa Dar es Salaam, ambayo mwenye nyumba alinikabidhi ikiwa imetoka kupakwa rangi, akaniomba jambo moja tu, nisimtobolee kuta. Niliona ombi lake ni la haki, kwa sababu msumari wa zege ukigongwa kwenye ukuta wa tofali za saruji mara nyingi hung'oa kipande cha lipu, na kiraka cha rangi huonekana hata kama rangi imetoka kwenye kopo lile lile.

Nitaanza na ukuta kabla ya bidhaa yenyewe, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Gundi unayobandika haigusi ukuta, inagusa rangi. Rangi nayo imeshika skimu, yaani lile tabaka jembamba la kulainisha ukuta, na skimu imeshika lipu. Ukivuta, kitakachoachia ni kile kilichoshika kwa udhaifu kuliko vingine, na katika nyumba nyingi nilizoziona kinachoachia ni rangi, hasa ile rangi ya maji ya bei nafuu iliyozimuliwa kupita kiasi au kupakwa juu ya vumbi la skimu. Pitisheni kiganja ukutani. Kikitoka na unga, msibandike kitu. Kisha chukueni tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, mkaibandike nyuma ya mlango kwa siku moja na kuibandua taratibu. Ikitoka na ganda la rangi, hakuna bidhaa yoyote kati ya hizi tatu itakayowafaa, hata iwe ya bei gani. Ukuta unaopanda unyevunyevu kutoka chini na kufanya rangi ivimbe nao haufai, wala ukuta wa chokaa. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu na Unguja walichonga zidaka ndani ya kuta na kupanga humo vyombo vya kaure, na kila ninapoziona navutiwa na jinsi walivyokipa chombo mahali pake pa kukaa bila kukining'iniza.

Bidhaa ya kwanza ni kanda za kubandika zenye ulimi wa kuvutia, na zinazojulikana zaidi ni Command za kampuni ya 3M ya Marekani. Ubora wake umo katika namna ya kuzitoa. Ukiushika ulimi ule na kuuvuta kuelekea chini, sambamba na ukuta na si kuelekea kwako, ukanda hurefuka kama mpira, hupungua unene, na gundi huachia kidogo kidogo bila kuivuta rangi kuja mbele. Kwa kanda kubwa za picha, ambazo hukaa kwa jozi, mmoja ukutani na mwenzake nyuma ya fremu, jozi nne zinaruhusiwa kubeba hadi kilo 7.2, lakini kiwango hicho ni cha fremu bapa iliyolala ukutani. Ukibandika kulabu kwa kanda hizi, mkoba unaochomoza mbele huvuta ncha ya juu ya kulabu na kuibandua hata kama uzito wake ni mdogo.

Maelekezo yake yafuateni kama yalivyoandikwa. Futeni ukuta kwa spiriti ya duka la dawa, wala si kwa sabuni, kwa kuwa sabuni huacha utando; kandamizeni kwa sekunde 30; subirini saa moja kabla ya kutundika; na kama rangi ni mpya, ngojeni angalau siku saba. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 10 na 40 za Selsiasi, ndiyo maana wakati wa kaskazi sibandiki kitu kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni. Juu ya kitanda msitundike kabisa, hasa cha mtoto.

Bidhaa ya pili ni kulabu za plastiki angavu zenye gundi ya kudumu, zinazouzwa kwa karatasi nzima. Kwenye vigae vya jikoni zinanifaa sana. Kwenye rangi sizikubali, kwa sababu hazina njia ya kuachia: unapoikwangua kulabu, unaikwangua na rangi.

Ya tatu ni tepu angavu ya pande mbili, ile laini kama jeli. Niliyoinunua haikuwa na jina la mtengenezaji. Ilishika saa ya ukutani kwa wiki tatu, kisha usiku mmoja saa ikaanguka na kioo chake kikavunjika. Tepu yenyewe ilibaki ukutani, na nilipoivuta ilitoka na rangi ya upana wa kiganja, jambo lililonihuzunisha kwa ajili ya mwenye nyumba kuliko saa yangu. Kwa karatasi nyepesi nitaendelea kuitumia, ila kwenye kabati, si ukutani.

Kioo kizito sikijaribu na gundi yoyote. Nilimwomba mwenye nyumba ruhusa, fundi akatoboa tundu moja kwa drili, akaweka fisha, kile kidude cha plastiki kinachoshika skrubu ndani ya tundu, kisha skrubu, na tundu hilo tulikubaliana nitaliziba nikihama.

Sasa nasogeza kamera ili mwone. Fremu hii ya picha ya wazazi wangu imekaa hapa tangu nihamie. Naiondoa kwa kuinua upande wa chini, nashika ulimi wa ukanda wa kwanza, na navuta chini polepole. Ulimi ukikatika, pashieni ukanda joto kwa draya ya nywele, kisha mpitishe uzi wa nailoni nyuma yake. Huu haujakatika. Umerefuka hadi karibu na kiwiko changu, na sasa umeachia. Napitisha kidole pale ulipokuwa: rangi ni nzima, na kidole hakina unga.