Salio sifuri, kisha naambiwa simu yangu ndiyo mbovu

Jina la programu hii ya pochi ya Bitcoin silitaji, kwa sababu toleo lenyewe bado ni la majaribio. Sisi tunaolijaribu hapa Kisumu tunajuana, na aliye nalo kwenye simu ataitambua kabla sijafika mbali. Nilikuwa tayari kuipa nyota 4. Sasa ni 1, tena hiyo 1 ni ya ukurasa wa ada peke yake.

Majuzi liliingia sasisho la beta. Pochi ikajifunga, ikafunguka, ikadai niingize upya maneno 12 ya siri ya kurejeshea pochi. Nikaingiza. Ikazunguka kidogo, ikaandika "imesawazishwa", halafu ikaweka salio: 0. Satoshi 20,000 (satoshi ndiyo sehemu ndogo kabisa ya bitcoin) zilizokuwamo asubuhi hazipo, na orodha ya miamala ni tupu. Hakuna onyo wala swali lolote, ila alama ya tiki ya kijani juu ya skrini, kana kwamba kila kitu kiko shwari. Tiki hiyo iliniudhi kuliko sifuri yenyewe.

Satoshi 20,000 si mali ya kumliza mtu. Ni samaki wa watu wawili pale ufukweni Dunga. Kiasi hicho kiliwekwa makusudi kwa ajili ya majaribio. Lakini mtu wa Kondele aliyeweka akiba ya miezi sita kwenye programu kama hii angeiona sifuri ileile na tiki ileile, na angeweza kufuta programu kwa hasira, au kumpigia "fundi" wa mtandaoni anayeomba maneno 12 ili "amsaidie". Hapo ndipo pesa hupotea kikweli.

Ripoti niliituma ikiwa kamili: namba ya toleo la zamani na jipya, aina ya simu, hatua moja baada ya nyingine, picha za skrini zisizo na maneno ya siri. Baada ya siku mbili hivi jibu likaja: "Boss, hiyo ni beta. Simu zenu za bei ya chini ndizo huleta shida. Jaribu na simu nzuri."

Simu zenu!

Anayejibu ripoti za pochi anapaswa kujua jambo hili kabla hajapewa kazi. Maneno 12 yanatoka kwenye orodha ya maneno 2,048 ya kiwango cha BIP39, kilichopendekezwa mwaka 2013. Programu huyapitisha kwenye mizunguko 2,048 ya hesabu iitwayo HMAC-SHA512 ikapata namba moja kubwa, na kutoka kwenye namba hiyo huzaa funguo zote za pochi. Simu yenye RAM ya GB 2 inaweza kuchelewa kidogo kuliko simu ya laki moja. Jibu litakuwa lilelile hadi tarakimu ya mwisho. Hesabu haiangalii bei ya simu. Salio likija sifuri, ama maneno si yale, ama programu inachungulia mahali pasipo na pesa.

Kujua ni lipi kati ya hayo mawili ni kazi ya dakika kumi. Kwanza, chukua anwani ya zamani uliyopokelea pesa, uitafute kwenye mempool.space, tovuti inayoonyesha miamala ya Bitcoin. Yangu ilionyesha satoshi 20,000 zimetulia palepale, hazijaguswa. Basi hakuna aliyeiba. Pili, linganisha alama ya ufunguo mkuu, ile ya tarakimu na herufi 8 inayokaa kwenye mipangilio, chini ya taarifa za pochi. Alama hiyo inatokana na maneno (na nenosiri la ziada, kama uliliweka), wala haijali njia ya kuzalisha anwani. Ikibadilika, umekosea maneno au hilo nenosiri. Usitegemee programu ikukamatie kosa: kwa maneno 12 kuna biti 4 tu za ukaguzi, kwa hiyo ukipanga maneno vibaya bado una nafasi 1 kati ya 16 ya kukubaliwa, na utafunguliwa pochi tupu isiyo yako. Ndiyo maana alama hiyo huandikwa kwenye karatasi ileile ya maneno siku ya kwanza. Yangu ililingana herufi kwa herufi.

Ikabaki njia, yaani tawi ambalo programu inatolea anwani. Nikafungua ukurasa wa kupokea nikatazama anwani ya kwanza. Toleo la zamani lilitoa anwani inayoanza na 3. Hili jipya linatoa inayoanza na bc1q. Wamehama kutoka m/49'/0'/0' kwenda m/84'/0'/0', kimyakimya. Maneno ni yaleyale, mzizi ni uleule, lakini tawi ni jingine kabisa, na programu ikaketi kwenye tawi jipya ikatangaza kwamba mti mzima hauna tunda. Kuhamia bc1q si kosa. BIP84, kiwango cha anwani hizo, ipo tangu 2017, ada yake ni nafuu zaidi, na hata mimi ningewashauri wahamie. Kosa ni kulitupa tawi la zamani bila hata kulichungulia, ilhali kuangalia anwani 20 za kwanza za kila tawi ni kazi ya sekunde chache, hata kwa bando la kusuasua.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba wametuambia tangu mwanzo tujaribu kwenye testneti tu, yaani mtandao wa majaribio wa Bitcoin. Ushauri huo ni mzuri, na mimi huwaambia wengine vivyo hivyo: sarafu za testneti hazina thamani, ukiharibu umeharibu hewa. Ila katika programu hii upande wa testneti ulikuwa kwenye m/84'/1'/0' tangu toleo la kwanza, na anwani zake zote zilianza na tb1q. Hakuna kilichobadilika huko. Ungejaribu kurejesha pochi mara mia kwenye testneti na mara zote mia ungepata salio lako. Hitilafu ilikuwa upande wa pesa halisi peke yake. Kwa hiyo asiyeweka kiasi kidogo halisi asingeiona kamwe, na aliyeweka akaambiwa simu yake ni duni.

Wala usidhani ungerudi nyuma kirahisi. Android haikubali toleo la namba ndogo juu ya lenye namba kubwa. Itabidi ufute programu kwanza, na ukifuta umefuta funguo zote zilizomo. Ndivyo pia ukibadilisha kati ya faili ya APK (ya kusakinishia programu) ya wajaribu na ile ya dukani, kama zimesainiwa kwa funguo tofauti: simu itakataa, utafuta, na kama maneno hayako kwenye karatasi, kwaheri.

Pesa nilizifikia kwa Electrum, programu nyingine ya pochi, kwenye kompyuta, na asije mtu akasema beta ndiyo iliyozirudisha. Pakua kutoka tovuti yao, hakiki saini kabla ya kufungua. Unda pochi mpya ya kawaida, chagua kwamba tayari unayo maneno, kisha ingia kwenye kitufe cha chaguo uweke alama kwenye BIP39, kwa sababu Electrum ina mfumo wake wa maneno na bila alama hiyo itayakataa yako. Ukurasa unaofuata unakuuliza aina ya anwani. Chagua p2sh-segwit (ndiyo ya anwani zinazoanza na 3), hakikisha njia inasomeka m/49h/0h/0h (hiyo h ni sawa na ile alama ya '), au bonyeza kitufe cha kutafuta akaunti zilizopo ikutafutie yenyewe. Satoshi 20,000 zikatokea. Baada ya hapo maneno hayo yameshaguswa na kompyuta, kwa hiyo nilizihamishia pochi nyingine na hayo maneno sitayatumia tena kwa pesa.

Lazima niseme ukweli ingawa nimeudhika: ukurasa wao wa ada ni mzuri kuliko wowote niliowahi kuuona. Unakuonyesha satoshi kwa kila baiti pepe (kipimo cha ukubwa wa muamala), jumla yake kwa shilingi, na makadirio ya kusubiri, vyote kwa mstari mmoja. Muamala ukikwama unaongeza ada kwa kugusa mara mbili, na nilipouzima mtandao katikati ya kutuma ulirudi bila kutuma mara mbili. Stima ilipotea, ruta ikazima, simu ikahamia data ya Airtel, na usawazishaji ukaendelea pale ulipoachia. Hapo nusura niongeze nyota ziwe 3. Walioandika sehemu hiyo wanajua kazi yao na wanamheshimu mtumiaji. Tafsiri ya Kiswahili nayo inaeleweka, isipokuwa wameyaita maneno 12 "mbegu". Mtu anayeuza mbegu soko la Kibuye hatajua anaambiwa afiche nini. Andikeni "maneno ya siri".

Kwa wanaoendelea kuijaribu, kabla ya kila sasisho andikeni vitu vinne: maneno, alama ya herufi 8, anwani ya kwanza ya kupokea, na njia kama programu inaionyesha. Mkimaliza kusasisha, linganisheni anwani ya kwanza kabla ya kupokea hata satoshi moja. Zimeni usasishaji wa kujiendesha kwenye Play Store kwa programu hii, la sivyo utaamka umehamishwa usiku. Na xpub, ufunguo wa umma wa akaunti yako, msiiweke kwenye ripoti: haimpi mtu uwezo wa kutumia pesa, lakini inamwonyesha salio lako lote na anwani zako zijazo.

Nikiwa naandika haya sasisho jingine limeingia. Nimelijaribu kwa maneno yaleyale kwenye simu ileile ya "bei ya chini". Safari hii ukurasa wa kurejesha unakagua matawi yote mawili, na miamala ya zamani imeonekana yote, pamoja na ule wa kuhamisha. Kwa hiyo tatizo lilikuwa lile nililoandika, na walilijua. Ningewapa nyota 3 kwa kulirekebisha upesi. Halafu nikafungua orodha ya mabadiliko kuona wamewaambia nini wengine wanaotazama sifuri muda huu. Wameandika maneno mawili: "maboresho madogo". Ripoti yangu imefungwa, imewekwa alama ya "tatizo la kifaa".

Nyota 1.