Uzoefu wangu: kanga ya bibi na kitenge cha Kongo kwenye picha moja

Bibi mzaa mama ni mtu wa Ujiji, wa kanga na ubani. Bibi mzaa baba alivuka ziwa kutoka Uvira akiwa binti, na hadi leo akishonesha kitenge lazima blauzi yake iwe ile ya mikono mipana, wanayoiita libaya. Nilitaka picha zenye mavazi yao wote wawili mwilini mwangu, nikaenda kwa mpiga picha mmoja hapa Mwanga, Kigoma. Bei shilingi 150,000, sehemu mbili, picha 20. Wengi wameniuliza kama inafaa, basi naeleza.

Kilichonivuta kwake ni kwamba siku ya kwanza hakushika kamera kabisa. Aliniambia nilete nguo, akazitandaza mezani, akazitazama muda mrefu. Ni kazi kweli. Kanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati na jina chini yake, kwa hiyo inataka ionekane nzima. Kitenge hakina mwanzo wala mwisho, ua linajirudia tu hadi kitambaa kinakwisha. Ukivivaa pamoja ovyo vinagombana, na jicho halijui litue wapi.

Wazo lake la kwanza lilikuwa nifunge kanga kichwani kama kilemba. Nikakataa. Kanga ya bibi imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE, na kwa familia yetu, jina hilo ndilo picha yenyewe. Ukiikunja kichwani inabaki rangi tu. Alinielewa bila kubishana, na hapo ndipo nilipomwamini.

Kwa mahali pa kupigia picha, alitaja stesheni ya Kigoma, lile jengo la Wajerumani, reli ilikofika mwaka 1914. Ni pazuri, lakini mimi nilitaka Ujiji. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilipita Tabora ikaishia pale, na Uswahili wa pwani ukagota ziwani. Ng'ambo ni Kongo. Kwa picha kama yangu sikuona mahali pengine.

Tulianza saa moja na nusu asubuhi, kwenye ukuta wa chokaa wa nyumba ya zamani, karibu na miembe. Ukuta mtupu ulizituliza nguo zote mbili. Kijana wake alishika shuka jeupe kurudisha mwanga usoni. Picha ninayoipenda kuliko zote ni hii: kitenge na libaya mwilini, kanga mabegani, nimewapa mgongo, uso nimeugeuza nusu. Jina limenyooka bega hadi bega, herufi zote zinasomeka. Ukiikuza unaona kwenye pindo mishono ya mkono, pale bibi alipoziba tundu kwa uzi mweusi usiolingana na rangi. Nilishukuru sana kwamba hakuifuta.

Jioni tulikwenda Kibirizi, jua likizama upande wa Kongo, maboti ya dagaa yakijiandaa kutoka. Upepo ulikuwa mkali na watu wengi. Zimetoka tatu nzuri.

Sasa kasoro. Picha zilichelewa siku tisa baada ya tarehe tuliyokubaliana. Zilipokuja, uso wangu ulikuwa mweupe, si wangu. Hilo liliniuma, maana weusi huu nao ni wa bibi zangu. Na moja aliigeuza kushoto kulia ili ikae vizuri, jina la kanga likasomeka kinyume! Mdogo wangu ndiye aliyeligundua. Nilipompigia mpiga picha aliomba radhi, akarekebisha zote ndani ya siku mbili bila kunidai nyongeza.

Bibi wa Uvira aliitazama ile ya mgongo, akauliza mwenye kanga ni nani. Nilipomwambia, akataka nakala mbili za fremu, moja ipelekwe Ujiji. Mwezi wa 12 narudi kwa mpiga picha yuleyule na mabibi wote wawili, na safari hii namwandikia mapema kabisa: rangi ya ngozi isiguswe.