Uzoefu wangu: kupunguza chumvi kwa ajili ya kizunguzungu kisicho na jina

Kizunguzungu changu si kile cha kuinuka ghafla ukaona giza. Nyumba nzima inazunguka, natapika, na sikio la kushoto linaziba na kuvuma. Nje ya nyumba ni mateso zaidi, maana anayekuona unayumba njiani anajua umelewa. Malaria, presha, sukari na wingi wa damu vyote vimepimwa. Picha ya kichwa imetoka safi. Daktari wa masikio, pua na koo alinilaza chali akakigeuza kichwa huku na huku, akitazama kama macho yatachezacheza. Hayakucheza. Akasema huenda ni ugonjwa wa Ménière, maradhi ya sikio la ndani, huenda ni kipandauso cha namna yake, lakini hataandika jina mpaka vipimo vya usikivu vionyeshe kitu. Kwa sasa nipunguze chumvi na kahawa.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Kinasikika kingi mpaka uanze kuitafuta ilikojificha: mkate, achari, viungo vya mchuzi vya pakiti, chipsi za barabarani. Sisi wa pwani tuna mtihani mwingine, papa na ng'onda, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Nimewahi kumloweka papa usiku kucha, nikamwaga maji na kumchemsha tena, na bado ulimi ulikataa. Nimemwacha. Ugali haukunisumbua, kwani hautiwi chumvi. Kazi ipo kwenye mboga. Nyumbani sasa wananipakulia yangu kabla ya chumvi kuingia sufuriani, nami naikamulia ndimu na kuongeza pilipili. Tui la nazi zito linasaidia kuliko kitu kingine chochote. Mwanzoni chakula kilikuwa chapwa kabisa, kisha mdomo ukazoea, na siku hizi mchuzi wa hotelini naona mkali.

Kahawa ndiyo iliyoniuma. Niliumwa kichwa siku za mwanzo, na barazani jioni bila kikombe unajiona mgeni. Kwa kweli sijaona tofauti yoyote kwa kuiacha.

Kwa chumvi nimeona. Kizunguzungu bado kinakuja, ila kinachelewa zaidi na hakinilazi kutwa nzima, na sikio halizibi kama zamani. Siwezi kuapa kwamba ni chumvi, kwa sababu maradhi haya huja na kupoa yenyewe, na uchambuzi wa mwaka 2018 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, haukupata jaribio hata moja la kuaminika kuhusu chumvi na kahawa kwa wagonjwa wa Ménière. Hata hivyo naendelea nayo. Gharama yake ni ndogo, na presha inafaidika pia.

Ukitaka kujaribu, nenda ukapimwe hospitali kwanza. Na zile chumvi mbadala za dukani zenye potasiamu usizinunue kabla ya kumuuliza daktari, hasa kama una tatizo la figo au unameza dawa za presha.