Miezi minane na Loop Habit Tracker, programu ya simu ya kufuatilia mazoea: dawa za Mama, maji ya nyumbani na kuku wetu wa Katuba

Jioni moja ya mwezi wa tisa mwaka uliopita, mama yangu alimeza dawa yake ya presha mara mbili. Mimi nilimpa saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kwenda kufunga banda la kuku. Mdogo wangu, aliporudi kutoka kazini saa mbili ya usiku, alikuta kikombe cha maji kikiwa kikavu mezani, akadhani nimesahau, akampa tena. Usiku ule Mama alishikwa na kizunguzungu hata akashindwa kusimama, nasi tulikesha kitandani kwake hadi alfajiri tukimpima presha kila baada ya nusu saa. Alipata nafuu, Mungu ashukuriwe, lakini tangu asubuhi ile niliamua kwamba mambo yanayorudiwa kila siku nyumbani kwetu hayatategemea tena kumbukumbu ya mtu.

Kabla ya hapo tulikuwa na daftari la shule lililofungwa kwa uzi kwenye msumari wa mlango wa jiko. Sisemi daftari ni baya, kwa kuwa limetunza nyumba nyingi hapa Lubumbashi na halihitaji umeme. Kwetu lilishindwa kwa sababu tatu ndogo: kalamu ilikuwa haikai mahali pake, watoto wa dada yangu walichana kurasa za katikati, na hata pale alama zilipowekwa vizuri hakuna aliyerudi nyuma kuzisoma. Daftari lilinionyesha siku ya leo, lakini halikuwahi kunionyesha mwezi mzima kwa mara moja.

Nilijaribu kwanza programu nyingine ya simu, ambayo sitaitaja jina. Ilinitaka nifungue akaunti, na kila nilipoifungua ilitafuta intaneti, kwa hiyo siku nilizokosa pesa za kununua mega ilibaki ikizungusha duara tupu. Jambo lililoniondoa kabisa lilikuwa namna yake ya kuhesabu. Nilikuwa nimefikisha siku 41 mfululizo za dawa ya jioni, kisha umeme ukakatika mtaani kwetu, simu ikazima, na siku mbili zikapita bila alama. Simu ilipowaka, programu ile iliniandikia sifuri. Nilisikia uchungu wa kweli, na kwa wiki nzima sikuigusa. Mtu anayetunza mgonjwa huwa amechoka tayari, na kuambiwa kwamba siku zake 41 si kitu ni dhuluma.

Ndipo mfanyakazi wa duka la dawa tunakonunulia vidonge aliponionyesha Loop Habit Tracker kwenye simu yake. Ni programu ya simu za Android, iliyoanzishwa na Álinson Santos Xavier, haina malipo wala matangazo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, chini ya leseni huria ya GPL. Haidai akaunti. Ukishaiweka, inafanya kazi bila intaneti kabisa, na yote unayoandika hubaki ndani ya simu yako. Kwa mtu wa Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, anayenunua mega za siku mojamoja, na ambaye hapendi habari za ugonjwa wa mama yake zisafiri asikokujua, mambo hayo mawili yalitosha kunifanya nijaribu.

Kuipanga kulinichukua jioni moja. Mimi naitumia kwa Kifaransa, lakini kila desturi unayoiingiza, yaani kila jambo la kurudiwa, ina nafasi ya jina na nafasi ya swali, na hapo unaandika kwa lugha yoyote. Niliandika kwa Kiswahili: «Je, Mama amemeza dawa ya asubuhi?» Swali hilohilo ndilo linalotokea kwenye kioo cha simu saa moja ya asubuhi, likiwa na majibu ya ndiyo, hapana, au baadaye. Sikutarajia kwamba kuulizwa kwa maneno yangu mwenyewe kungekuwa na uzito namna hii. Kengele ya simu huwa naizima bila kufikiri, lakini swali lenye neno Mama ndani yake siwezi kulijibu kwa uongo. Lazima nikuonye, hata hivyo, kwamba kila desturi ina saa moja tu ya ukumbusho, kwa hiyo dawa ya asubuhi na dawa ya jioni zilibidi ziwe desturi mbili, kila moja na rangi yake.

Ukurasa wa kwanza ni orodha: majina upande wa kushoto, siku zikifuatana upande wa kulia, na mbele ya kila jina duara dogo linalojaa rangi kadiri desturi inavyopata nguvu. Ili kuweka alama, unabonyeza na kushikilia kidogo. Mwanzoni niliona hilo linachelewesha, na mpangilio unaruhusu kulibadilisha liwe mguso mmoja, lakini nimeliacha kama lilivyo, kwa kuwa linazuia kidole cha mtoto kuweka alama ya dawa ambayo haijamezwa.

Sasa nifike kwenye hesabu yake, kwa sababu hapo ndipo penye thamani yote. Loop haikuhesabii tu siku za mfululizo. Inaipa kila desturi alama ya asilimia, ambayo hupanda kila unapotimiza na kushuka kila unapokosa, na siku za karibuni zina uzito kuliko za zamani. Desturi ya kila siku ikitimizwa bila kukosa hufika karibu asilimia 80 baada ya mwezi mmoja, 96 baada ya miezi miwili, na 99 baada ya mitatu. Ukikosa siku moja ukiwa kwenye 80, unashuka hadi karibu 76, si hadi sifuri. Siku zile 41 zilizofutwa na programu ya kwanza, kwa hesabu ya Loop zingekuwa karibu asilimia 89, na zile siku mbili za giza zingeniteremsha hadi 80 hivi. Ningezirudisha kwa chini ya wiki mbili. Namba hizo zinanieleza ukweli wa nyumba yangu: tulikuwa watu walioshika jambo vizuri, wakapatwa na shida ya siku mbili, wakaendelea.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili limechunguzwa pia na wataalamu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoesha jambo jipya, wakatoa matokeo yao mwaka 2009. Muda wa kawaida wa jambo kuwa mazoea ulikuwa siku 66, lakini kwa wengine ulikadiriwa kuwa siku 18 tu na kwa wengine 254, na kukosa nafasi moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Nilipoyasoma hayo nilimsamehe mdogo wangu makosa mengi niliyokuwa nimeyahesabu moyoni.

Faida kubwa zaidi niliipata mwezi wa pili mwaka huu. Ukigusa jina la desturi, unafunguliwa ukurasa wa michoro, na mmoja wao hupanga siku za juma kwa safu na miezi kwa nguzo, ukiwa na nukta kubwa pale ulipotimiza mara nyingi na ndogo pale ulipokosa. Nilikuwa nimeketi kwenye kibaraza nikiangalia dawa ya jioni, na safu ya Jumatano ilikuwa na vinukta kama mbegu za mtama, wakati safu nyingine zote zilikuwa na nukta nono. Sikuelewa mara moja. Nilimwita Mama nikamwonyesha, naye akacheka akasema, «Mwanangu, Jumatano si siku ya likelemba yetu?» Ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumatano anakwenda kwa akina mama wenzake kuchangia pesa za upatu, wanakaa, wanazungumza, anarudi usiku amekula na amechoka, na dawa inabaki kabatini. Sisi sote nyumbani tulijua kwamba anakwenda likelemba. Hakuna aliyekuwa ameyaunganisha mambo hayo mawili kwa miezi minne.

Dawa yake ya Jumatano sasa inasafiri naye. Nakata kipande cha karatasi ya vidonge chenye kidonge kimoja, anakifunga kwenye ncha ya kitenge pamoja na pesa za mchango, na anapofungua fundo ili atoe pesa anakutana na dawa yake. Vinukta vya Jumatano vimekua. Tulipokwenda kliniki mwezi wa tatu, nilimpa muuguzi simu aangalie mchoro ule, naye aliutazama kwa makini kuliko alivyowahi kulitazama daftari letu, akaniuliza maswali ya Jumatano za mwezi wa kumi na mbili.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Maji tunayachota kisimani kwa jirani kila baada ya siku mbili, bidoni sita, na Loop inakubali desturi isiyo ya kila siku: ukishatimiza, siku ya katikati hujaziwa alama hafifu, usionekane kama umekosa. Wiki ile pampu ya jirani ilipokuwa ikitengenezwa, nilitumia alama ya kuruka siku, ambayo lazima kwanza uiwashe kwenye mipangilio, na asilimia yetu haikuguswa. Mayai nayo nayaingiza kwa namba, kwa sababu kuna desturi za kupimika zenye kipimo na lengo. Huenda mtengenezaji hakukusudia watu wahesabu mayai, lakini mchoro wa nguzo umenionyesha wazi jinsi kuku wetu 45 walivyopunguza kutaga ulipoanza ubaridi wa kiangazi, na ndiyo sababu tumefunika upande mmoja wa banda kwa magunia.

Kuna jambo moja ambalo Loop haikuundwa kulifanya, na ni vizuri ulijue kabla ya kuipakua. Haishughuliki na kazi zenye tarehe maalumu. Chanjo ya mdondo ya kuku inarudiwa baada ya miezi, kwa tarehe aliyotuandikia daktari wa mifugo. Kodi ya kibanda changu cha ushonaji ni tarehe 5 ya kila mwezi. Loop inajua «mara ngapi kwa mwezi», haijui «tarehe 5». Hayo nimeyaweka kwenye kalenda ya kawaida ya simu, kwa kujirudia, na sioni ubaya wa kutumia vyombo viwili.

Wiki mbili za kwanza ukumbusho ulikuwa ukichelewa, mara nyingine saa nzima. Nilikaribia kuilaumu Loop, hadi fundi wa simu karibu na soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliponionyesha kwamba simu yangu yenyewe, ili kutunza betri, ilikuwa ikizilaza programu zote zisizo mbele ya macho. Tuliingia kwenye mipangilio ya betri, tukairuhusu Loop isilazwe, na tangu siku ile swali la saa moja linakuja saa moja. Kama simu yako ni ya bei nafuu kama yangu, anza na hatua hiyo kabla ya kuingiza desturi hata moja.

Linalobaki gumu ni kwamba sisi tuko wawili na simu ni mbili. Loop haipatanishi simu mbili zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba alama ziko kwenye simu yangu peke yake: mdogo wangu akimpa Mama dawa mimi nikiwa kibandani, ananitumia ujumbe mfupi, «Yaya, nimekwisha kumpa» (yaya kwetu ni ndugu mkubwa), nami naweka alama papo hapo. Na akikuta kikombe kikavu, haongezi dawa kabla ya kuniuliza. Tangu mwezi wa kumi Mama hajarudia kumeza dawa mara mbili hata siku moja, na kwangu hiyo ndiyo asilimia ninayoijali.

Kila Jumamosi usiku natoa nakala kamili, faili moja dogo, na kumtumia mdogo wangu kwa Bluetooth. Nilianza kufanya hivyo baada ya simu yangu kuanguka kwenye ndoo ya maji mwezi wa nne. Ilikauka baada ya siku mbili ndani ya mchele, lakini siku hizo mbili nilizipitisha nikifikiria miezi sita ya Mama iliyokuwa ndani yake. Wiki ijayo nakwenda Likasi kwa siku tano kununua vitambaa. Jana jioni tuliliingiza faili hilo kwenye simu ya mdogo wangu, na desturi zote zikatokea pamoja na michoro yake na maswali niliyoyaandika. Mama alimwomba amwonyeshe safu ya Jumatano, akavaa miwani yake, akaihesabu nukta kwa nukta hadi mwezi huu.