Jioni tatu za kunde na karanga: tathmini ya darasa la kura na uhamaji, Area C

Kwa shilingi 30,000 nilihudhuria, jioni tatu mfululizo, darasa la kituo kimoja cha masomo hapa Area C, Dodoma, lililohusu namna uhamaji wa watu ndani ya majimbo ya Marekani unavyogeuza mwelekeo wa kura za vyama. Nilikuwa na sababu ya kwenda, kwani sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika jiji letu na ile ya 2022 ikakuta 765,179, na kila uchaguzi ukikaribia husikia watu wakizibashiri kura za wageni bila kuhesabu chochote.

Jioni ya kwanza peke yake ilistahili nusu ya ada. Mkufunzi aliweka mezani masinia mawili, kunde zikiwa wapiga kura wa Democratic na karanga wa Republican. Sinia la mjini lilikuwa na kunde 12 na karanga 8. La pembezoni mwa mji, kunde 8 na karanga 10. Akamwomba mama aliyeketi mstari wa mbele, "Mama, tuhamishie kunde tatu kutoka mjini." Alipomaliza kuzihamisha, mjini zilibaki kunde 9 kwa karanga 8, na pembezoni zikawa kunde 11 kwa karanga 10. Sinia la pili lilikuwa limegeuka bila mpiga kura hata mmoja kubadili msimamo. Kisha akatutaka tujumlishe masinia yote mawili, tukapata kunde 20 kwa karanga 18, sawasawa na mwanzo.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo kiini cha mada nzima, na ninasikitika kwamba mkufunzi mwenyewe aliiacha nyuma jioni iliyofuata. Alieleza vizuri kwamba kaunti (mfano wa wilaya ndani ya jimbo) ya Loudoun huko Virginia ilikua kutoka watu 86,129 mwaka 1990 hadi 420,959 mwaka 2020, na kwamba Virginia, iliyompa kura mgombea urais wa Republican katika kila uchaguzi kuanzia 1968 hadi 2004, ilimchagua Barack Obama wa Democratic mwaka 2008 na haijarudi nyuma tangu hapo. Alionyesha pia Gwinnett, pembezoni mwa Atlanta, iliyotoka watu 352,910 hadi 957,062 katika miaka hiyohiyo 30, ikaiacha Republican mwaka 2016, na miaka minne baadaye Joe Biden, naye wa Democratic, akaichukua Georgia kwa tofauti ya kura 11,779. Lakini yote hayo aliyaita matokeo ya kuhama ndani ya jimbo, ilhali masinia yalikwisha kutuonyesha kwamba anayehama kutoka kaunti moja kwenda nyingine anaweza kugeuza kiti cha Baraza la Wawakilishi la Marekani, lakini kura yake ya urais inabaki katika jumla ileile ya jimbo. Ili Virginia yote igeuke, lazima wawepo waliotoka nje ya jimbo, au wenyeji waliobadili chama, au tofauti katika idadi ya wanaojitokeza kupiga kura. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba muda umekwisha.

Swali hilo lilihitaji muda. Buchanan, kaunti ya makaa ya mawe katika Virginia hiyohiyo, ilimpa kura John Kerry wa Democratic mwaka 2004, na sasa ni ngome ya Republican ingawa imekuwa ikipoteza watu kwa miongo kadhaa. Hapo waliobaki ndio waliobadilika. Darasa halikuigusa.

Kitini nacho kina kasoro inayosumbua. Neno "jimbo" limetumika kwa Virginia nzima na pia kwa eneo linalochagua mbunge mmoja, na kwa Mtanzania, ambaye jimbo kwake ni jimbo la uchaguzi, ukurasa wa nne hausomeki bila kalamu mkononi. Ingetosha kuandika "eneo la uchaguzi" kwa hilo la pili.

Jioni ya tatu ilirudi nyumbani, nayo niliipenda kwa dhati. Mwaka 2025 jimbo la Dodoma Mjini liligawanywa na kuzaliwa jimbo la Mtumba, upande ule ulikojengwa Mji wa Serikali. Mtumishi aliyehama Temeke akaja kuishi Mtumba, akahamisha na taarifa zake katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, hageuzi hesabu ya urais, kwa kuwa nchi nzima inahesabiwa pamoja. Anachogusa ni ubunge na udiwani. Asipohamisha taarifa zake, hata hivyo viwili hajavigusa. Mzee mmoja nyuma yangu alisema taratibu, "Basi mimi bado ni mtu wa Temeke," na darasa zima likamgeukia.

Ninalipendekeza darasa hili kwa walimu wa uraia na kwa yeyote anayefuatilia chaguzi, kwa sharti kwamba jioni ya pili iongezewe saa moja ya maswali na kitini kisahihishwe. Masinia yabaki kama yalivyo, na ukienda, keti karibu na meza.