Kushindilia Bunduki za Kale Michezoni: Muda Halisi au Mkato?

Mtengenezaji wa mchezo wa video unaohusu vita vya kale hulazimika kuchagua: ama aache ushindiliaji wa bunduki uchukue muda wake halisi, ama aufupishe uwe wa sekunde mbili tatu.

Kwa bunduki ya gumegume, iliyowasha baruti kwa cheche za jiwe, tofauti ni kubwa mno. Askari wa karne ya 18 alirarua kwa meno karatasi iliyofungia baruti na risasi, akatia baruti kidogo kwenye kisahani cha kuwashia na kukifunika, akamimina iliyobaki mtutuni, akashindilia risasi pamoja na karatasi yake kwa mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, akaurudisha mdeki mahali pake, ndipo akalenga. Aliyefunzwa vyema alifyatua mara mbili au tatu kwa dakika.

Mchezo unaoheshimu muda huo, kama War of Rights unaohusu kampeni ya Maryland ya mwaka 1862 katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, humfanya mchezaji atambue kwa nini askari walipanga safu na kufyatua kwa pamoja, na kwa nini singe ilikuwa silaha ya kutegemewa.

Mkato humfaa shujaa anayepigana peke yake, lakini huigeuza gobori kuwa bastola ya kisasa. Kusema kweli, hata ugumu unaweza kupotosha: baadhi ya michezo ilikataza kutoa klipu (kishikizo cha risasi) ya M1 Garand, bunduki ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, kabla ya risasi zote 8 kwisha, ilhali bunduki yenyewe iliruhusu. Mimi nauchagua muda halisi bila kusita.