Rivendell kwa mpangaji wa muziki: je, inatosha kuchanganya vibao na nyimbo ngeni?

Msikilizaji wa redio ya biashara ya mkoani hufungua redio akitaka wimbo anaoujua, kisha hubaki kwa sababu kituo kinampa kitu asichokipata kwingine. Redio kubwa ya taifa inaweza kuishi kwa vibao peke yake. Ya mkoani ikifanya hivyo inakuwa nakala yake, tena yenye mawimbi dhaifu. Ikielemea upande wa pili na kumwaga nyimbo ngeni, yaani zisizojulikana, kutwa nzima, wasikilizaji wanahama na wenye matangazo ya biashara wanawafuata. Mizani hiyo haiwezi kuachiwa mtangazaji wa zamu. Inahitaji programu ya kupanga muziki, na kwa kituo kisicho na bajeti ya programu, Rivendell ni ya kwanza kufikiriwa.

Rivendell ni programu huria ya Linux chini ya leseni ya GPL, haina ada ya mwezi wala ya kila kompyuta. Ndani yake RDLibrary hutunza nyimbo, RDAirPlay huzirusha hewani, RDLogEdit huhariri orodha ya siku na kurekodi sauti za watangazaji kati ya nyimbo, na RDLogManager hutengeneza orodha yenyewe. Uhakiki huu umeielekea zaidi RDLogManager, kwa swali moja: inaweza kuulinda wimbo mgeni bila kumpoteza msikilizaji? Inaweza, ila kazi kubwa ibebwe na muundo wa saa unaouchora wewe, maana uwezo wake wa kuchagua nyimbo ni mdogo.

Mpangilio wake ni wa ngazi tatu. Event ni nafasi moja ndani ya saa: wimbo, jingo au mapumziko ya matangazo. Events zikipangwa kujaza dakika 60 zinakuwa Clock. Clocks zikijazwa kwenye Grid yenye saa 168 za wiki, kituo kimepata ratiba. Kila Event ya muziki huelezwa ichukue kutoka kundi gani, wimbo uwe na msimbo upi (lebo fupi unayoupa), na zipite nyimbo ngapi kabla ule ule haujarudi.

Kabla ya kugusa kompyuta, amua una nyimbo ngeni ngapi. Hapa ndipo vituo vingi huharibu. Tuseme kwa siku unazo nafasi 42 za nyimbo ngeni, yaani 294 kwa wiki. Ukiweka nyimbo 150 humo, kila mmoja utasikika kama mara mbili kwa wiki, na kwa kuwa mtu hasikilizi redio kutwa, huenda asiusikie hata mara moja. Hakuna unaozoeleka, na kinachobaki kichwani mwake ni kwamba redio hii inapiga vitu asivyovijua. Weka nyimbo 15, kila mmoja upigwe karibu mara 20 kwa wiki, na baada ya wiki chache baadhi yake zitakuwa zinaombwa kwa simu. Wimbo mgeni huzoeleka kwa kurudiwa. Mwenye moyo wa kuwasaidia wanamuziki wasiojulikana awachague wachache na awapige sawasawa, kisha awape nafasi wengine.

Mpango unaofanya kazi kwa nyimbo 12 kwa saa ni huu. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni: vinara (vibao vinavyotamba zaidi sasa) 3, vibao vya karibuni 3, zilipendwa 5, wimbo mgeni 1. Jioni hadi saa sita usiku: vinara 2, karibuni 2, zilipendwa 5, ngeni 3. Usiku wa manane: 2, 3, 5 na 2. Makundi yenyewe yawe na vinara 7, karibuni 20, zilipendwa 260 na ngeni 15. Hesabu hizi zina sababu. Kwa mpango huu vinara hupata nafasi 60 kwa siku. Ukiwa na vinara 6, kila mmoja unapigwa mara 10 kamili na mzunguko huelekea kunasa kwenye saa zile zile, kiasi kwamba anayesikiliza akielekea kazini hukutana na wimbo ule ule kila asubuhi. Ukiwa na 7 mzunguko unasogea. Zilipendwa nazo hupata nafasi 120, kwa hiyo 240 ni namba mbaya kwa sababu hiyo hiyo.

Wimbo mgeni wa mchana uwekwe katikati ya kipande cha muziki, kabla yake kinara, baada yake kinara kingine au zilipendwa ambayo kila mtu huiimba. Usiuweke wa kwanza baada ya taarifa ya habari wala baada ya matangazo, kwa sababu pale msikilizaji yuko tayari kubadilisha stesheni na anahitaji sauti anayoitambua ndani ya sekunde chache. Usiuweke wa mwisho kabla ya matangazo pia: wimbo asioujua ukifuatwa na matangazo ni sababu mbili za kuondoka zilizopangwa foleni. Rivendell hulifanya hili vizuri mno, kwa sababu Events hukaa pale pale ulipoziweka na programu haizihamishi.

Tatizo linaanza ndani ya nafasi yenyewe. RDLogManager huchukua nyimbo zote za kundi, huondoa zinazovunja kanuni, kisha huchagua mmoja kwa bahati nasibu kati ya zilizobaki. Haiulizi upi umekaa muda mrefu bila kupigwa. Ukiiachia bila kanuni, wimbo mmoja utarudi mara tatu kwa siku na mwenzake utakaa siku mbili kabatini. Dawa yake ni Title Separation, ile namba ya umbali kabla wimbo ule ule haujarudi, lakini isomwe vizuri: inahesabu nafasi zilizopangwa, haihesabu dakika, na inahesabu nafasi za makundi yote, si za kundi hilo tu.

Chukua kundi la karibuni mchana. Nyimbo 20, 3 kati ya kila 12, kwa hiyo mzunguko mzima ni nafasi 80. Ukiandika 20 ukidhani unataja nyimbo 20 za kundi, umezuia marudio kwa chini ya saa mbili tu. Ukiandika 80 hakuna chaguo linalobaki, mpangilio unaganda kama foleni, na kosa dogo la hesabu linavunja kanuni kila saa. Andika 65: karibu nyimbo 16 zinazuiwa, 4 zinabaki za kuchaguliwa. Kwa vinara andika 20, kwa zilipendwa 500.

Nyimbo ngeni zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu kasi yake hubadilika mchana na usiku. Ukiweka 120 ukitazama mchana tu, itaonekana salama, maana mchana nyimbo 15 huhitaji nafasi 180 kuisha. Lakini saa 12 asubuhi programu inatazama nyuma nafasi 120, yaani saa kumi, na ndani yake kuna vipande vya jioni na usiku vilivyotumia nafasi 24 za nyimbo ngeni. Kundi zima limezuiwa. Tengeneza Events mbili tofauti: ya mchana yenye 60, ya jioni na usiku yenye 45. Na kama jingo nazo zinachaguliwa na mpangaji huyu huyu, zinaingia katika hesabu. Saa yenye nyimbo 12 na jingo 6 ni saa yenye nafasi 18, na namba zote hizi zinapaswa kupanda kwa nusu.

Kanuni zikishindikana Rivendell haiachi pengo. Hulegeza ile iliyokwama, hupanga wimbo, kisha huandika kwenye ripoti ya kasoro mwishoni mwa kutengeneza orodha. Kwa redio ya biashara huu ni uamuzi sahihi, kwani ukimya hewani ni hasara kuliko wimbo uliorudi mapema. Ila ripoti hiyo lazima isomwe. Kasoro mbili tatu kwa siku ni za kawaida. Kasoro zinazojirudia saa ile ile kila siku zinasema kundi ni dogo au namba ni kubwa, na kupanga upya orodha hakutazitibu.

Artist Separation, umbali kati ya nyimbo za msanii mmoja, hukaa kwenye kanuni za Clock, nayo huhesabiwa kwa nafasi. 12 ni kama saa moja. Inalinganisha jina lilivyoandikwa, kwa hiyo msanii akiandikwa peke yake katika wimbo mmoja na pamoja na mshirika wake katika mwingine, programu inaona watu wawili. Katika sehemu ya msanii andika jina kuu tu, mshirika umweke kwenye jina la wimbo. Kazi hii ya usafi inachosha, lakini bila hiyo namba yoyote utakayoweka ni bure.

Sehemu inayostahili sifa zaidi, na isiyotumiwa inavyopaswa, ni misimbo. Ugeni una daraja. Kuna wimbo usiojulikana wa mwimbaji anayejulikana, kuna kibao maarufu kilichorudiwa na sauti ngeni, na kuna ugeni mtupu, sauti na wimbo vyote havijulikani. Daraja la kwanza na la pili zinaweza kukaa ndani ya zilipendwa bila kumshtua mtu, ilimradi zisisogeleane. Zipe msimbo NUSU, zile za kundi la ngeni zipe NGENI, kisha kwenye kanuni za Clock NUSU iwekewe isizidi mmoja mfululizo, ingoje nafasi 6, na isifuate NGENI. Kwa njia hii unaongeza ladha mpya kwenye saa ya asubuhi bila kuongeza hata nafasi moja ya wimbo mgeni. Idadi ya NUSU isipite moja ya tano ya zilipendwa. Zikizidi hapo, kanuni zinaanza kupigania nafasi na ripoti ya kasoro inajaa.

Wakati wa kurusha, RDAirPlay ina msaada mmoja mzuri. Kila wimbo unaweza kuwekewa alama za Hook, mwanzo na mwisho wa kipande kinachonasa sikio, na paneli ya vitufe inaweza kucheza kipande hicho peke yake. Mtangazaji akiwaonjesha watu sekunde 8 za wimbo mgeni kabla ya matangazo, ukija kupigwa baadaye hautakuwa mgeni kabisa. Weka pia alama za Talk ili ajue ana sekunde ngapi kabla ya sauti kuingia, na jina la msanii litajwe kabla na baada ya wimbo. Zilipendwa haihitaji kutajwa. Mgeni asiyetajwa jina amepigwa bure.

Upungufu upo, na hauwezi kufichwa. Hakuna kanuni ya kuzuia wimbo usirudi saa ile ile ya jana. Hakuna kuupa wimbo mmoja mmoja saa zake za kupangwa. Hilo hufanywa kwa misimbo na Clocks tofauti. Hakuna uzito wa kuupendelea wimbo uliosubiri zaidi. MusicMaster na GSelector, programu za kupanga muziki ambazo ni za kulipia, zinafanya hayo, na Rivendell inaweza kupokea orodha zilizopangwa nje kwa faili la maandishi. Kituo chenye utafiti wa wasikilizaji na maelfu ya nyimbo kilipie mpangaji wa nje na kuitumia Rivendell kurushia tu. Chenye mpangaji mmoja na nyimbo mia tatu hadi elfu moja hakina sababu hiyo.

Kila wiki toa ripoti ya muziki uliopigwa na utazame kundi la ngeni: kila wimbo uwe karibu na 20. Ukiona mmoja una 28 na mwingine 12, Title Separation ni ndogo. Baada ya wiki kama sita, wimbo uliokubalika hupanda kwenye karibuni, uliokataliwa hutoka. Kupandisha ni kubadilisha kundi katika RDLibrary, na hapa kuna mtego: kama kundi limewekewa Enforce Cart Range, wimbo wenye namba iliyo nje ya mipaka yake hauwezi kuingia. Ondoa alama hiyo kwenye makundi yote ya muziki kabla hujaingiza wimbo wa kwanza, au weka nyimbo zote katika kundi moja na uzitenge kwa misimbo; ukichagua njia hiyo, nyimbo nyingi zinaweza kubadilishiwa msimbo kwa mkupuo, na namba zake hazibadiliki.